Mwanamke akisema hataki, unakomaa au unaondoka? Kisa cha dogo na dada wa wakala, Nyegezi

#1 Kaka wa Buzuruga
Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Nina mdogo wangu anasoma chuo hapa Mwanza, kapanga chumba Nyegezi. Njiani anakopita kuna dada ana kibanda cha wakala, dogo kampenda, akamwambia, dada akamjibu kistaarabu kabisa kwamba hapana, hayuko kwenye mambo hayo. Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Mpaka leo dogo anapita pale kila siku, anaweka elfu mbili, kesho yake anaitoa, keshokutwa anaiweka tena, ili tu asimame dirishani wasalimiane. Anasema dada anacheka naye vizuri kwahiyo njia ipo.

Msimamo wangu ni kwamba akomae. Mke wangu mwenyewe alinikataa, nikakomaa, leo tuna watoto na huwa anawahadithia mashoga zake jinsi nilivyomfukuzia. Sasa shemeji yenu kusikia habari ya dogo kanuna, kasema dogo aache na mimi niache kumjaza maneno. Nikamuuliza mbona wewe ilikuwa hivyohivyo, akanyanyuka akaenda jikoni.

Naomba mawazo, hasa ya kina dada. Kuna hapana ya kuvumilia au ukiambiwa hapana ndo unageuza hapohapo?

#2 Sangara Mbichi
Akomae. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwanamke akikubali siku ya kwanza wewe mwenyewe unaanza kumtilia mashaka, na wao wanalijua hilo ndo maana wanakataa kwanza. Anakupima kama una nia au unapita tu.

#3 Bodaboda Igoma
Namba 2 kamaliza. Ila dogo anajua kwamba kuweka ni bure na kutoa kuna makato? Hiyo elfu mbili kila ikizunguka inapungua, mpaka akubaliwe atakuwa anaweka mia tano 😂

#4 Floti Imekata
Mimi ni wakala, siyo huyo wa Nyegezi, niko upande mwingine wa mji, ila hiki kisa nakijua kwa sababu ninacho cha kwangu.

Kaka mleta mada nikueleze pale dirishani panavyokuwa. Kibanda ni kidogo, umekaa kwenye stuli, droo ya hela magotini, mlango uko nyuma na umeufunga kwa ndani kwa sababu ya vibaka. Dirisha ndo kazi yenyewe. Mtu akija huwezi kumwambia ondoka, hata angekuwa nani, ni mteja. Kibanda siyo changu, nimeajiriwa, bosi akisikia nimemjibu mteja vibaya naulizwa mimi. Kwahiyo namchekea. Namchekea huyo wa kwangu, namchekea mzee wa nyuma yake anayetuma hela ya mbolea, namchekea na mama aliyekosea namba anataka kunipigia kelele. Hicho kicheko ndo kinachoniwekea ugali mezani.

Anakuja anasema "toa elfu mbili", namwambia taja namba yako, naandika kwenye daftari, anasaini taratiibu huku ananiangalia. Foleni nyuma inamsubiri. Anauliza "mbona leo umenuna". Usiku meseji "umelala?" Namba yangu imeandikwa kwa rangi ukutani, na siwezi kumbloku kwa sababu laini ni ya ofisi.

Mimi nilishamjibu. Nilimjibu vizuri kwa sababu nilijua kesho atarudi dirishani na nitakuwa nimefungiwa mle ndani. Sasa ule uzuri wa jibu ndo ameufanya matumaini.

#5 Kapripoint
Duh. #4 hapo kwenye mlango kufungwa kwa ndani sikuwahi kupafikiria.

#6 Sangara Mbichi
#4 pole dada ila wewe ni wewe. Wa Nyegezi hatujui yuko kwenye hali gani, huenda anapenda anaona aibu. Mnataka wanaume tukiambiwa mara moja tukae chini, alafu baadae mnalalamika wanaume wa siku hizi hawajui kutongoza, wanatuma "mambo" na emoji basi.

#7 Mama Dagaa
Naona vijana mnajibizana, ngoja na mimi nichangie, niko Mwaloni Kirumba huu mwaka wa ngapi sijui, nauza dagaa na kutongozwa nimetongozwa sana.

Mume wangu alinifuata nikamkataa. Nilimkataa kwa sababu wavuvi niliwajua, hela ya leo wanaimaliza leo. Hakubishana na mimi. Alisema sawa, akarudi zake kambini kisiwani. Sasa dagaa wanavuliwa gizani, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika wanakuja mjini, kwahiyo kila mbalamwezi namuona Mwaloni. Anapita, "habari za biashara", "nzuri", anaendelea na safari yake kwenye magunia yake. Haniulizi umefikiria nini, wala hatumi mtu. Wenzake wakinitania anawakataza, hilo nililisikia kwa masikio yangu. Ikapita mbalamwezi moja hakuja. Nikajikuta nauliza wapakiaji, yule fulani yuko wapi, nikaambiwa anaumwa huko kambini. Mimi ndo nikatuma salamu kwa mtumbwi.

Kwahiyo Sangara Mbichi hapo usichukue kisa changu ukasema nilikubali kwa kusumbuliwa. Nilikubali kwa sababu aliniacha nikapata nafasi ya kumuangalia.

#8 Bodaboda Igoma
Mama heshima yako. Alafu dagaa gunia limesimama bei gani saa hizi?

#9 Mama Dagaa
Njoo Mwaloni uulize, bei ya asubuhi siyo ya mchana.

#10 Mzee wa Kivuko
Shikamooni wakubwa. Na mimi mke wangu nilimpata kwa kukomaa, nilikuwa nafanya kazi Sengerema, naenda na kurudi kwa kivuko cha Kigongo na Busisi. Foleni ya magari unaijua ilivyokuwa, unaweza kukaa masaa mpaka unajuana na wauza karanga kwa majina. Yeye alikuwa mwalimu, tunakutana mle. Nikamuomba namba akasema namba sitoi, mtu akiwa na nia na mimi aje nyumbani Geita aonane na wazazi. Ikanichukua muda kujipanga lakini nilienda na mshenga. Siku hizi vijana mmepoteza hiyo bahati, lile daraja la kilometa 5 mnavuka bila hata kumsalimia wa pembeni yako.

#11 Kapripoint
Mzee daraja lenyewe ni kilometa 3, labda ujumlishe barabara unganishi, nazo ni 1.66. Lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Na kweli wauza karanga ndo walioumia.

#12 Mwalimu wa Ukerewe
Mzee #10 ninakuheshimu lakini kisa chako hakiingii kwenye hii mada. Mkeo hakukukataa, alikupa masharti. Aliyekwambia njoo nyumbani kwetu kakuelekeza mlango ulipo. Dada wa Nyegezi kasema hayuko kwenye mambo hayo, hakuonyesha mlango wowote. Watu wengi wanaosema "nilikomaa" ukiwachimba unakuta waliambiwa subiri au waliambiwa njoo kwa utaratibu, alafu wanawashauri vijana kana kwamba waliambiwa hapana.

Kitu kingine ninachokiona kwa wanafunzi wangu wa zamani wa kike wakishakuwa wakubwa, wanakataa kwa kusema "nina mtu" hata kama hawana. Nimewauliza kwanini. Wanasema mwanaume akisikia kuna mwanaume mwingine anaondoka, ila akisikia "sitaki" anakaa kujadiliana. Hilo linanisikitisha sana. Kwamba neno la mtu ambaye hayupo lina uzito kuliko la yule aliyesimama mbele yako.

#13 Binti wa Nansio
Asante mwalimu.

Mimi nitasema yangu kwa kifupi maana inaniuma. Mimi nilikomaliwa. Nilikataa, akaenda kwa mama, mama akaanza kunisema. Nikakataa, akaenda kwa shangazi. Akaanza kusali kanisani kwetu, wazee wa kanisa wakaniita, "kijana wa watu ana nia nzuri, unataka nini zaidi". Kila kona namkuta yeye, na kila mtu ananiona mimi ndo mwenye roho mbaya. Nikachoka, nikakubali siku moja nimekaa nje nimechoka tu, hakuna furaha yoyote.

Tumeoana. Hanipigi, siyo mlevi. Lakini kila tukigombana hata kwa chumvi kuzidi kwenye mboga ataniambia "unajua nilivyohangaika kukupata wewe". Yani nina deni. Nikisema nimechoka leo, nina deni. Nikitaka kwenda kwetu kusalimia, nina deni. Mtu aliyekupata kwa kukuchosha hajui kwamba kuna siku unaweza kusema hapana ikawa hapana kweli, hajawahi kuiona.

#14 Floti Imekata
😢 Pole sana dada.

#15 Nyamagana Original
Pole #13. Ila mnasahau upande wa pili, kuna wanawake wanasema hapana huku vocha wanapokea, chipsi kuku wanakula, nauli ya Krismasi wanatumiwa. Mimi kuna mmoja kala hela yangu mwaka mzima alafu ananiambia nakuchukulia kama kaka. Hapo nani anamsumbua mwenzake? Akikataa akatae na vitu vyake. Tena nasikia sheria inakuruhusu kudai vyote.

#16 Bodaboda Igoma
Nauli kala na hakuja? Pole kaka, mimi ningemfuata bure 😂

#17 Wakili wa Mtaani
#15 Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 71 kinaongelea kurudishiwa zawadi ambayo ilitolewa kwa kutarajia ndoa, na mahakama iridhike kwamba uliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa. Mahari ya mtu aliyeghairi, hayo mazungumzo yapo. Vocha na chipsi ulizotuma kwa mtu ambaye hamkuwahi hata kuchumbiana, sioni unaanzia wapi.

#18 Sangara Mbichi
Si nasikia siku hizi ukimtumia demu meseji mara 3 bila kujibiwa unakula miaka 30?

#19 Wakili wa Mtaani
Hapana mkuu, umechanganya. Miaka 30 mnayoisikia ni ya kubaka. Unyanyasaji wa kijinsia uko kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, uliingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, hata maneno tu yanatosha, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi laki mbili au vyote. Kwa meseji kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Hapo faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Idadi ya meseji haijaandikwa popote, kinachoangaliwa ni nia na ujumbe wenyewe. Na laini yako umesajili kwa alama za vidole, kwahiyo usifikiri utasema siyo mimi.

#4 dada yangu, hizo meseji za usiku usizifute. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, siyo lazima ufungue kesi, unaweza kwenda wakamuita wakamuonya.

#20 Floti Imekata
Asante wakili. Shida ni kwamba nikienda dawati, bosi atasema namfukuzia wateja polisi. Ila sizifuti.

#21 Ng'wana Kisesa
Mwangaluka. Mmenikumbusha mbali. Sisi Wasukuma tulikuwa na chagulaga. Vijana mnakutana na binti njiani, gulioni au ngomani, mnamzunguka mnamwambia chagulaga mayu, chagua katika sisi. Akichagua mmoja wengine mnaondoka, hamna kinyongo, hamna kurudi kesho kumfuata. Aliyerudi baada ya kuachwa alionekana hana malezi. Ndo ilivyokuwa kwa Bagika na Bagalu. Kwahiyo wazee walijua kukomaa na walijua kuacha.

#22 Kapripoint
Mzee samahani, Bagika na Bagalu ni makundi ya ngoma yanayoshindana, yapo mpaka leo, nenda Bulabo pale Bujora mwezi wa 6 utawaona na nyoka wao. Chagulaga ni kitu kingine ingawa ngomani ilifanyika.

#23 Ng'wana Kisesa
Nilimaanisha hivyo hivyo, kwenye ngoma zao. Wabeja.

#24 Binti wa Nansio
Mzee shikamoo. Naomba kuuliza bila ubaya, kwenye hiyo chagulaga binti akisema katika nyie wote simtaki hata mmoja, ilikuwaje?

#25 Ng'wana Kisesa
Marahaba. Alikuwa anachagua.

#26 Mwalimu wa Ukerewe
Mzee hapo ndipo penyewe. Wanaopinga ndoa za utotoni wanailalamikia sana chagulaga Shinyanga, Geita, Tabora, kwa sababu hiyo hiyo aliyouliza #24. Binti wa shule kazungukwa na vijana njiani, "chagua", anachagua ili apite.

#27 Ng'wana Kisesa
Mwalimu nyie mnaongelea ya leo, vijana wameiharibu, sasa hivi wanamkimbiza mtoto na pikipiki. Ya zamani binti alikuwa na kaka zake pale pale ngomani na alitembea kifua mbele akifuatwa na wengi. Msiweke yote kapu moja. Hata mama wa watoto wangu alinichagua na hakulazimishwa, muulizeni.

#28 Sangara Mbichi
Mzee nakuunga mkono, mila zilikuwa na akili yake.

#29 Kaka wa Buzuruga
Nimesoma yote wakuu, asanteni. Jana usiku nimekaa na mke wangu nikamsomea #7 na #13. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Anasema mimi hakunikataa, alikuwa ananitaka tangu mwanzo ila alimuogopa baba yake, ndo maana alikuwa akinikataa mbele ya watu alafu anampa mdogo wake anisindikize mpaka stendi. Yule mdogo wake mimi nilijua ananipenda tu mwenyewe kumbe katumwa. Anasema angekuwa hanitaki asingemtuma mtoto.

Sawa. Lakini mimi nisiyejua moyoni mwake kuna nini, ningejuaje? Nilisikia hapana, ningeondoka siku ile leo nisingekuwa naye. Hilo ndo mnijibu. Msiniambie tu heshimu jibu, mimi jibu lilikuwa siyo lenyewe.

#30 Mama Dagaa
Si ulisindikizwa? Jibu ulipewa, lilipita kwa mtoto. Wa dogo nani kamsindikiza?

#31 Nyamagana Original
Kwahiyo tunatakiwa tusome ishara? Si ndo kilekile dogo anafanya, kaona kicheko kasema ni ishara. Mke wa mleta uzi kasema hapana na alimaanisha ndiyo, dada wa wakala anacheka na anamaanisha hapana. Nyie wanawake mtupe utaratibu mmoja.

#32 Floti Imekata
#31 utaratibu mmoja huu hapa wa kwangu, wengine waseme wa kwao. Angalia kama huyo mtu ana uwezo wa kuondoka pale mlipo. Mke wa mleta uzi angeweza kuacha kumtuma mdogo wake stendi, hakuna aliyemlazimisha. Mimi nikicheka dirishani sina pa kwenda. Unataka kujua nacheka kweli au ni kazi? Nikutane mimi sokoni siku ya mapumziko, uone kama nitavuka barabara kuja kukusalimia au nitajifanya naangalia nyanya.

#33 Bodaboda Igoma
Mimi nilifanyiwa hizo za nyanya pale Buhongwa mwezi uliopita, sasa nimeelewa.

#34 Sangara Mbichi
Haya tuseme dogo anaacha kwenda. Si ndo dada atajua hakuwa na nia? Mimi bado naona kuna watu watasoma huu uzi wataacha mtu aliyekuwa anakaribia kukubali. Aende hata mara moja kwa wiki asisahaulike.

#35 Mama Dagaa
Atasahaulika vipi na namba yake dada anayo? Huyo dada kila siku anamuandika dogo kwenye daftari, jina, namba ya simu na saini. Hakuna mwanaume Mwanza nzima ambaye ni rahisi kupatikana kwake kama huyo. Akimtaka atapiga, hata saa hizi.

#36 Sangara Mbichi
Na asipopiga?

#37 Mama Dagaa
Basi hajapiga.

#38 Kaka wa Buzuruga
#35 hapo mama umenikalisha. Dogo nimemtumia huu uzi wote, amesoma, kanijibu "kwahiyo nikatolee wapi hela". Nikamwambia mawakala wako kila nguzo ya umeme. Kakasirika kidogo. Leo kapitia njia nyingine, ila mimi mwenyewe sijamalizana na suala langu la #29 na mke wangu naye kasema nisimuulize tena.

#39 Wakili wa Mtaani
Safi. Asimtumie na meseji ya kumuaga, maana najua atataka.

#40 Mgeni Kirumba
Wakuu nimechelewa, nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Naomba niulize, na ikiwa ni mwanaume ndo anafuatwa? Kuna dada analeta chakula hapa karakana, ananiongezea nyama, wenzangu wameshaanza kuniita shemeji yao. Nimemwambia nina mchumba, akasema hamna shida atasubiri. Mchumba sina.

#41 Bodaboda Igoma
Nyama za bure unalalamika?

#42 Mwalimu wa Ukerewe
#40 rudi #12 usome. Ulimwambia humtaki, au ulimwambia una mchumba?

#43 Mgeni Kirumba
Nilimwambia nina mchumba. Nikimwambia simtaki atajisikia vibaya, na ndiye anayetulisha karakana nzima.